Walinzi wa Pilipili Hoho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikagua tuta lake la pilipili hoho. Shangazi yake, mwenye bustani, alikuwa amempa tuta hilo alilee mwenyewe, na tangu hapo majirani hawakupumua kwa masimulizi yake. Jina la Chiriku hakulipata bure.

Asubuhi moja aliwakuta wadudu weusi wenye miiba na madoa ya rangi ya chungwa wakitambaa juu ya majani. Walikuwa na sura mbaya kwelikweli. Chiriku akawaokota mmoja mmoja na kuwatumbukiza kwenye maji ya sabuni, kisha akaenda shule kifua mbele.

Wiki haikupita, vidukari wakajaa chini ya majani. Hao ni wadudu wadogo wa kijani wanaofyonza utomvu wa mimea. Majani yakajikunja, maua yakaanza kupukutika. Chiriku aliumia sana.

"Wameanza kuhamia hata kwenye matuta yangu," shangazi alisema, akitayarisha bomba la dawa. "Leo napulizia bustani nzima. Sijui kwako walinzi wamekwenda wapi."

"Walinzi gani, shangazi?"

"Wale weusi wenye miiba. Ni watoto wa wale wadudu wekundu wa mviringo. Wanakula vidukari kutwa. Dawa hii itawaua hata waliobaki kwangu, lakini nitafanyaje?"

Chiriku akawakumbuka wale aliowatumbukiza kwenye maji ya sabuni. Hakuna aliyemwona siku ile, na angeweza kunyamaza. Lakini bomba lilikuwa tayari begani kwa shangazi.

"Shangazi, usipulizie. Ni mimi niliyewaua. Nilidhani ndio wanaotuharibia."

Shangazi akalitua bomba. "Haya, lete mkasi."

Wakakata majani machache yenye walinzi kutoka kwenye matuta ya shangazi, wakayatandaza kwa uangalifu kwenye tuta la Chiriku. Taratibu vidukari wakapungua, na majani mapya yakachipuka yamenyooka. Siku ya kuchuma hoho za kwanza, Chiriku alicheka peke yake.

"Mwanangu," shangazi alimwambia, "mdudu usimhukumu kwa sura, tazama kwanza anakula nini. Na ukikosea, sema mapema. Siku ile ungenyamaza, ningewaua walinzi wote kwa mkono wangu mwenyewe."