Kibao cha Hali ya Hewa

Hebu fikiria ofisi za chini ya ardhi, London, ambamo serikali ilijificha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Leo ni makumbusho. Ukutani, nyuma ya kioo chenye kufuli, kuna kibao kilichowaambia makarani hali ya hewa huko juu. "Upepo" ulikuwa utani wao: mabomu yanaanguka.

Rafiki yangu Maud, mtunzaji, kila mara alikuta "Jua" limegeuzwa kuwa "Upepo". Mkuu wake alimwonya: kikigeuka tena, kazi hana.

"Ni wewe, Desmond!" alimwambia mlinzi.

"Ufunguo unao wewe, mpenzi. Usinisingizie."

Jioni Maud alirudisha "Jua", akafunga kioo, akazima taa, akamshika Desmond mikono yote miwili. Wakasikiliza gizani. Nyuma ya kioo, kibao kikakwaruza polepole, kikageuka.

Kumbuka jambo moja tu, tafadhali: mikono ya Desmond alikuwa hajaiachia.