Khanga Iliyovuka Uzio

Asubuhi hiyo Bi Hawa wa Msimbati alikuwa akianika makopa uani. Binti yake Salma alimenya mihogo, na Nuru, mtoto wa Salma, aliwafukuza kuku huku akicheka. Ilikuwa nyumba yenye raha yake. Kabla ya adhuhuri Salma hakuweza kusimama kwa kuhara na kutapika. Kipindupindu kilikuwa kimeingia kijijini, na gari la wagonjwa likampeleka kwenye kambi ya matibabu iliyozungushiwa uzio.

Nuru alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Alizunguka nyumba akiita "Mama!" mpaka sauti ikamkauka. Nanyi mnajua, ndugu zangu, dawa yetu kwa mtoto wa namna hiyo: mfunike khanga ya mama yake isiyofuliwa, anuse jasho lake, atalala. Basi Bi Hawa akaenda uzioni, karibu na kitanda cha Salma.

"Mwanangu, nipe hiyo khanga uliyojifunga. Mtoto hali, halali."

"Nesi amesema kila kitu kilowekwe kwanza kwenye klorini, dawa ya kuua vijidudu, mama."

"Klorini! Nimpelekee mtoto harufu ya choo badala ya harufu yako?"

Salma akageuka. Nesi Beatrice alikuwa kule mwisho, anahangaika na mgonjwa aliyezirai. Hamu ya mwana haina macho. Akaifungua khanga, akaipenyeza kwenye uzio.

Nuru alilala fofofo, pindo la khanga mdomoni. Bibi akamshukuru Mungu. Siku mbili baadaye mtoto alikuwa akihara na kutapika, macho yamezama, shingo imelegea.

Bi Hawa aliingia kambini mbio, mjukuu kamkumbatia, mikono imelowa matapishi yake. "Nesi, mchukue! Anakufa!"

Beatrice alikuwa ametoka kwa mgonjwa mwingine. Akavua glovu, akanawa, akaanza kuvaa nyingine.

"Mwanangu anakata roho, wewe unajipamba kama bi harusi!" Salma alilia kutoka kitandani.

"Mikono hii imetoka kwenye matapishi ya mtu, dada," Beatrice alijibu. "Na sindano inaingia kwenye damu ya mwanao. Siwezi kumtia na uchafu."

Akaushika mkono wa Nuru, akaupapasa. Akaupata mshipa. Maji ya dripu yakaanza kushuka, na jioni Nuru alifumbua macho, akamwona mama yake.

"Na wewe bibi, njoo unawe," nesi akasema.

"Matapishi ya mjukuu wangu si uchafu!" Bi Hawa akajibu, akajipangusa kwenye gauni, akarudi nyumbani.

Alipoanza kuhara alijifungia ndani kwa aibu. Majirani walipovunja mlango, alikuwa ameshafariki. Salma, dripu mkononi, hakumwosha mama yake wala hakusikia dua ya mazishi. Alikuwa na hamu ya mtoto, na mtoto akarudishiwa. Sasa Nuru anauliza bibi yuko wapi, naye Salma anatazama nje ya uzio, pale aliposimama mama yake, na sasa hapana mtu.

FUNZO

Ndugu zangu, mapenzi hayaui vijidudu. Nesi anayenawa wakati sisi tunapiga kelele hachelewi; anamlinda mgonjwa wetu, wagonjwa wengine, na watoto wake mwenyewe wanaomsubiri nyumbani. Tusimtukane. Tusipitishe nguo wala chombo kwa siri. Tukiugua, tusijifiche. Hamu ya siku chache huvumilika, maana mwisho wake ni kukutana. Hamu aliyonayo Salma haina siku ya kukutana.