Viatu Mlangoni

"Korosho zimeingia maji," sauti ya Mohamedi, askari mwenzake aliyekuwa bandarini, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola.

Sabra alielewa. Fredi, mpelelezi mwenzake, amekamatwa. Wauza pembe za ndovu, zile zilizovushwa mto Ruvuma, walikuwa wamemfungia ndani ya kontena lao. Nalo limechanganywa na mengine mamia, bandarini Mtwara, katika jua la Novemba 2004. Ndani ya bati lile mtu hadumu.

"Lipi?"

"Kompyuta ndiyo inayojua, dada. Wahi, jua linachoma huku!"

Alipanda mbio ngazi za ofisi ya mizigo. Mbele ya chumba cha kompyuta, chini ya tangazo la VUA VIATU, palikuwa na jozi moja. Vyeusi, vimechongoka, vinang'aa.

Vya Josephu, fundi wa kompyuta wa ofisi ile. Si aliaga asubuhi kwamba anakwenda msibani Masasi?

Kumbe msaliti ni yeye. Mtu anauza nchi, lakini vumbi haingizi kwenye kompyuta. Mazoea yana taabu!

Sabra alichomoa bastola yake, Browning, akasukuma mlango.

"Umechelewa, dada'angu," Josephu alisema. "Maneno ya siri nimeyabadili yote."

Akaruka dirishani, pekupeku.

Roho ilimwambia Sabra amfukuze. Alitangaza redioni kwamba Josephu anatoroka, akaketi kwenye kompyuta.

Aliandika neno la siri alilopewa. Limekataliwa. Tena. Limekataliwa. Aliogopa, tusidanganyane.

Ndipo akamkumbuka Fredi kule mtaa wa Chuno, akimfundisha kwenye kompyuta mbovu huku akimcheka: "Mlinzi akikukatalia, mvizie akiwa ndiyo kwanza anaamka."

Akaizima seva. Ilipoanza kuwaka aliiwahi, akaiamuru iamke katika hali ya matengenezo, isiyouliza neno la siri. Kioo kikawa cheusi, mstari mmoja mweupe ukipepesa, unasubiri amri. Akaiwasha hifadhidata ya makontena kwa sharti moja: isimkague mtu yeyote.

Ikatii.

Akaiuliza kuhusu kontena alilolisajili Josephu siku ile. Jibu lilikuja moja tu.

"Mohamedi! Safu ya nne, la chini kabisa, upande wa mizani. Vunja!"

Chuma kililia redioni.

"Pembe zipo zote, dada. Meli iliyokuja kuzichukua tumeizuia."

"Fredi?"

"Yupo."

"Mpe redio."

Mohamedi hakujibu. Sabra alijua, na bado akaendelea kusubiri. Moyo ulimuuma vibaya.

"Josephu tumemkamata mtaa wa Ufukoni," Mohamedi alisema mwishowe. "Mawe ya pwani yamemchana nyayo, hata kusimama hawezi."

Sabra alifuta macho, akarudisha Browning kiunoni. Mlangoni aliinama, akaviokota vile viatu vyeusi.

"Namletea viatu vyake," alisema redioni. "Mvalisheni. Safari yake ni ndefu."

Akashuka ngazi taratibu, moja moja. Hakukuwa tena na wa kumwahi.