Vijia vya Mchanga

Mashine hizo waliziita kasachuma, na kazi yake ilikuwa kusikiliza nyasi za bahari zikipumua. Ndiyo, zinapumua: jua likiziwakia hutoa viputo vidogo vidogo, na kila kiputo kina mlio ambao sikio la binadamu halina habari nao. Kasachuma arobaini walitambaa chini ya maji nje ya bandari ya Mkungujini, wakipiga picha na kuhesabu viputo, kisha ubongo-mashine wa ofisini ukasema penye afya na penye maradhi.

Asubuhi hiyo ulisema nyasi za Kigongoni zimekatwakatwa na vijia vitupu, na kila kijia kina nyayo za watu. Shauri lake: wanawake wanaochokoa kombe za kitoweo huko wapigwe marufuku. Ilibaki saini ya mhandisi Siwatu Shekuwe tu, kabla ya adhuhuri.

Safari hii Siwatu alitaka kuona kwanza. Maji yalikuwa yamekupwa, akashuka Kigongoni pekupeku.

"Wee mhandisi! Unakwenda kama ngamia?" Bi Hadia, mkubwa wa wachokoaji, alimpigia ukelele. "Pita mchangani!"

"Samahani, Bi mkubwa."

"Humo majanini mna tafi wachanga. Tukiwakanyaga, waume zetu watavua nini, kofia? Mama zetu walitufunza: tafuteni mchanga, piteni hapo hapo, mmoja nyuma ya mwenziwe."

Siwatu akasimama. "Kwa hiyo mchanga ulikuwepo kabla yenu?"

"Mkondo ndio uliouchimba, mwanangu. Sisi tunaufuata tu. Au mashine yenu imeona nyayo pasipo na nyasi, ikadhani tumezila?"

Wanawake wakaangua kicheko. Siwatu hakucheka. Akatoa kibao chake cha skrini, akakataa lile shauri, akaandika na sababu. Kigongoni haitafungwa.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Hadia. "Na wale wachokoaji wa Kitopeni mtawafungulia lini? Mwaka wa pili huu. Mdogo wangu Mwanatumu yuko bara, anafua nguo za watu."

Siwatu akazikumbuka picha za Kitopeni. Vijia vitupu, nyayo. Ile alisaini kitini kwake, hata chai haijapoa.

"Iliwafunga mashine hii hii?" akauliza Bi Hadia.

"Mashine ilishauri tu, Bi mkubwa. Aliyefunga ni mimi."

Bi Hadia akaweka chini kikapu chake cha kombe.

"Haya," akasema. "Toa simu yako nikupe namba ya Mwanatumu. Umwambie mwenyewe."