Chuma Ndani ya Muundi

"Seremala, mlango umebana. Uwanja wa ndege. Sasa hivi."

Simu ikakatika.

Luteni Kanali huyo, daktari wa mifupa, alivua koti jeupe, akachomeka bastola ya Glock kiunoni, akashuka ngazi mbili mbili. Land Cruiser ikatoka kwenye lango la hospitali ya jeshi matairi yakilia.

Jina la Seremala alibandikwa na askari wenyewe, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa nyundo, msumeno, drili na skrubu. Tofauti ni kwamba mbao zake zilipiga kelele. Alianza kazi akiwa luteni mbichi, akiunga mifupa ndani ya hema mpakani, maji ya mvua yakimfika vifundoni. Aliyemshika mkono ni Brigedia, daktari mkuu wa mifupa jeshini. Ndiye aliyemfundisha kuishika drili kama mtu aliyeshika yai. Siku ya harusi yake, baba mzazi akiwa kaburini, Brigedia ndiye aliyesimama mahali pa baba.

Kazi ya pili, ile ya siri, alipewa na mkuu wa Idara ya ujasusi. Wote walimwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa mtu, na ndiye aliyepiga simu ile.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Namba za kuzimia rada za mpakani zimeibwa," alisema Mjomba. "Zimo kwenye kadi ndogo kuliko ukucha. Tumenasa simu ya mnunuzi, mgeni mwenye suti ya kijivu. Anasema mzigo uko ndani ya mguu."

"Mguu wa nani?"

"Sajini mmoja anayepelekwa ng'ambo kwa matibabu, kwa hisani ya mgeni huyo huyo. Muundi wa kushoto. Mgonjwa wako."



Ule mguu aliujua kuliko wake. Bomu la ardhini liliusaga. Madaktari wenzake walitaka kuukata, yeye akagoma, akaupitishia chuma kirefu chenye uwazi katikati, tangu gotini hadi karibu na kifundo. Chuma chenyewe aliletewa na Brigedia kwa mkono wake. Lakiri ya boksi ilikuwa imekatwa. Aliiona.

Alitaka kuuliza.

Hakuuliza. Baba unamuulizaje?

"Mjomba," alisema, uso ukimwaka moto ndani ya gari tupu, "nilikitia mimi."

"Tunajua. Aliyekupa pia tunamjua. Lakini tukimkamata mgeni sasa, mzee wako atayeyuka. Mrudishe sajini mezani, umfungue. Mzee atakuja mwenyewe kukifuata chuma chake, na tunamtaka nacho mkononi. Sajini hajui kitu. Asijue."

"Yaani mgonjwa wangu awe chambo."

"Una njia nyingine?"

Hakuwa nayo.

Aliwakuta kwenye ukaguzi. Sajini alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, magongo mapajani, mkewe pembeni na begi, na nyuma yao suti ya kijivu ikisukuma kiti. Mashine ya ukaguzi ililia. Mlinzi akautazama mguu, akatabasamu, akawapungia wapite. Nani atamvua nguo askari aliyeumia kwa ajili ya nchi?

"Subirini!"

Sajini aligeuka. Uso ukamchanua.

"Afande! Mke wangu, ndiye huyu sasa. Bila yeye, ningezika mguu kabla ya mwili."

Mke alimshika Seremala mkono kwa mikono yote miwili. "Dada daktari, sijui nikushukuruje."

Afadhali angempiga kofi.

"Picha za eksirei nimezirudia," alisema Seremala. "Mfupa umetunga usaha. Ukipanda ndege leo, huko uendako watakukata."

Uongo ulimtoka laini kama mafuta. Mke akaziba mdomo.

"Kliniki yetu itashughulikia," ilisema suti ya kijivu. "Ndege inaondoka."

"Wewe ni daktari?"

"Mimi ni mfadhili."

"Basi toa mkono kwenye kiti."

Wafagiaji wawili, watu wa Mjomba, wakaacha kufagia. Suti ikawatazama, ikarudi nyuma, ikatoa simu.

Vizuri. Ampigie mzee.

"Tugeuze, afande," alisema sajini. "Mwili huu wewe unaujua kuliko mimi. Ukisema ndiyo, ni ndiyo."

Seremala alisukuma kiti mwenyewe, ili asionane naye macho kwa macho.

Glock ilibaki kabatini, kwani kwenye chumba cha upasuaji huingii na bastola. Alibaki na kipaza sauti kidogo kama punje ya mchele, ndani ya kofia. Sajini alipolala usingizi wa dawa, Seremala alipasua palepale kwenye kovu la zamani, akafunga kifaa cha kukivuta chuma, akaanza kugonga. Nyundo juu ya chuma. Chuma juu ya mfupa.

Mlango ukafunguka.

"Nimesikia una kazi ngumu, mwanangu." Brigedia alikuwa ameshavaa glavu na barakoa. "Sista, kaandae damu. Mimi nipo."

Muuguzi akatoka. Akabaki mtaalamu wa usingizi tu, kichwani kwa mgonjwa.

Chuma kikatoka, chekundu.

"Lete nikioshe," alisema Brigedia.

Akampa.

Mzee aligeuka, akafungua kifuniko cha juu kwa vidole vilivyozoea. Kipande cheusi kikaangukia kwenye kiganja cha glavu.

"Kadi iko mkononi mwake," alisema Seremala, si kwa mzee.

Brigedia alielewa. Alikuwa mzee lakini mwepesi. Kisu cha upasuaji kilishatua juu ya paja la sajini.

"Waambie watu wako wakae mbali. Nikikata hapa, atakauka damu kabla hujashika uzi. Mshipa huu nilikuonyesha mimi."

Mtaalamu wa usingizi akanyanyua mikono.

"Halafu usinitazame kwa jicho hilo," aliendelea mzee. "Lakiri uliiona. Ukanyamaza. Mimi na wewe ni pete na kidole."

Seremala aliinamisha kichwa. Hakuwa anaigiza.

"Ni kweli, afande," alisema.

Mzee akashusha pumzi. Kisu kikainuka kidogo.

Seremala aliisukuma mashine ya eksirei kwa nyonga. Mkono wake mzito wa chuma ukazunguka, ukamgonga mzee kiwiko, kisu kikaruka. Kabla hakijagusa sakafu, nyundo ilishatua juu ya kigasha cha mzee.

Mfupa ukalia kama ukuni mkavu.

Wafagiaji wawili wakaingia na bastola. Redio ya mmoja ikakoroma: suti ya kijivu imetiwa pingu kwenye maegesho.

Seremala alibadilisha glavu. Akamtia sajini chuma kipya, boksi akilikagua pande zote, akashona. Kisha akakaa kitako mbele ya Brigedia, akamfunga mkono plasta.

"Umekaza sana," mzee alinong'ona.

"Italegea uvimbe ukishuka, afande."

Asubuhi amri ya Mjomba ilikuwa fupi: sajini aambiwe ni usaha, basi.

Alimkuta ameegemea mto, mkewe akimmiminia maji.

"Afande, ulikuwa mwingi huo usaha?"

Neno moja lingetosha. Lilimfika kwenye ulimi.

"Hapakuwa na usaha," alisema Seremala. "Nilikudanganya. Ndani ya chuma chako ilifichwa siri ya jeshi, na nilikitia mimi. Niliona dalili, nikamstahi mkubwa wangu, nikanyamaza. Jana nikakulaza ili mwizi aje. Akaja. Akakuwekea kisu umelala."

Mke akaweka jagi chini taratibu.



"Ungeniuliza, ningekubali," alisema sajini. "Mimi ni askari. Ungeniuliza tu."

Seremala alinyoosha mkono kuikagua bandeji.

"Bandeji afunge mtu mwingine, afande. Tafadhali."

"Sawa, sajini."

Kwenye korido simu ilitetemeka.

"Kazi safi," alisema Mjomba. "Umetoka bila mkwaruzo."

"Nimemwambia sajini kila kitu."



"Hiyo ni kuvunja amri, Seremala."

"Ndiyo. Leta adhabu, niko ofisini mpaka jioni."

Akakata yeye. Akavaa miwani ya jua, maana macho hayakuwa ya kuonyesha watu, akavuka uwanja wa gwaride kwa mwendo wake wa kila siku, bila haraka. Habari zilishavuja kwamba daktari wa mifupa ameokoa rada za nchi. Walinzi wa zamu walipomwona, wakabana visigino, wakampigia saluti.

Ilimbidi aipokee.