Filimbi ya Saa Nne

Jumanne saa tatu asubuhi, sajini wa lango alifungua daftari la wanaoingia gerezani akakuta ukurasa mmoja haupo. Haukuwa umenyofolewa kwa hasira. Ulikunjwa kwanza, ukalowanishwa mate, ndipo ukavutwa polepole usitoe sauti.

Inspekta alifika Jumatano. Wenzake walimwita Taratibu kwa sababu ya magoti yake mabovu, na yeye alishachoka hata kulichukia jina hilo. Miaka thelathini ya kazi ilimfundisha kwamba gerezani kosa hupata mwenyewe kabla mpelelezi hajashuka garini.

"Ni Mwalimu," alisema mkuu wa gereza, hata kiti hajamkaribisha. "Mfungwa anayetuandikia daftari. Anatoka kesho kutwa kwa punguzo la tabia njema. Ukithibitisha, punguzo linafutwa, anabaki miaka mitatu."

"Ukurasa wenyewe una nini?"

"Una namba 418. Ni hakimu huyo, mama."

Sheria ilikuwa ngeni bado. Hakimu hakuruhusiwa kumfunga mtu zaidi ya miezi sita kabla yeye mwenyewe hajalala gerezani siku saba, kichwa kimenyolewa, kwa namba bila jina, ili askari wasimdekeze. Jina lilibaki kwenye bahasha mahakama kuu. Langoni aliacha alama ya dole gumba tu. Bahasha ya 418 ilikuwa imefunguliwa jana yake, nayo ilikuwa na jina la hakimu wa mahakama ya mjini.

"Tangu alale humu, ameshatuletea watu arobaini," mkuu aliendelea. "Mwalimu ndiye anayewaandikia rufaa. Ukurasa ukipotea, hakimu hana ushahidi kwamba alilala, hukumu zote zinaanguka. Na Ijumaa wakaguzi wa mahakama kuu wanakuja kulinganisha madole. Nataka jibu kabla yao."

Inspekta alikubali kwamba sababu ipo. Ila ilimpa shida kuamini kwamba mtu aliyevumilia miaka tisa angekosa subira ya siku tatu.

Mwalimu aliletwa. Alikuwa mwembamba, na vidole vyake vilikuwa na wino.

"Afande, binti yangu amepanga chumba, ameweka vitanda viwili," alisema. "Ameniandikia kimoja kiko dirishani, changu hicho. Sasa mimi nichane karatasi ili iweje?"

"Jumatatu ukurasa ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Mimi huhesabu kurasa kila jioni, ni ugonjwa wangu wa ualimu. Jumanne saa mbili na nusu tulikuwa watatu chumba hiki: mimi, sajini, na hakimu aliyekuja kukagua gereza. Sajini akanituma chai."

Sajini alikuwa mvutaji wa sigara za kusokota, na alitokwa jasho kabla hajaulizwa kitu. Inspekta alimwambia atoe karatasi zake za kusokotea. Zilikuwa vipande vya gazeti.

"Mbona unatokwa jasho basi?"

"Niliacha lindo, afande. Dakika kumi. Nilienda kumwita mkuu. Nikisema hivyo si nimejimaliza?"

"Umeshasema. Pumua."

Saa nne kasoro dakika tano aliingia hakimu, kwa heshima zote. Dereva wake alibaki na gari nje ya ukuta.

"Mheshimiwa, uliachwa peke yako na daftari?"

"Niliachwa. Lakini mtu hukata tawi alilokalia, Inspekta? Ukurasa ule ndio unaonipa kazi."

"Ni kweli. Siku zako saba, kipi kilikuchosha zaidi?"

"Chakula. Na joto, joto sana."

Filimbi ikalia. Saa nne kamili wafungwa wote huchuchumaa safu za watano watano, macho chini, mpaka hesabu itimie na filimbi ya pili ilie. Hakimu alipaza sauti kidogo akaendelea na habari za joto. Inspekta aligeukia dirisha la nje. Dereva alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu, mikono magotini. Anakagua tairi, aliwaza. Filimbi ya pili ilipolia, dereva akainuka, akajipangusa suruali. Tairi hakuligusa.

Mchana huo alikaa na daftari. Wino wa gerezani haukauki upesi, na kwenye ukurasa uliotazamana na ule uliochanwa palikuwa na vivuli vya madole. Kimoja kilikatwa na mstari mweupe wa kovu. Alikitazama mpaka macho yakamuuma.

Alhamisi saa nne kasoro robo aliwakusanya mkuu, sajini, Mwalimu na hakimu. Akaomba dereva naye aingie. Dereva alisita mlangoni, akasimama karibu na ukuta, kofia mkononi. Inspekta akaomba chai. Akauliza habari za watoto. Mkuu akaanza kutazama saa.

"Mama, tunasubiri nini?"

"Kidogo tu. Magoti yangu haya."

Filimbi ikalia. Mwalimu akachuchumaa. Na pale ukutani, dereva naye alishafika chini, kofia imedondoka. Hakimu alibaki kitini, kikombe mdomoni.

Mwalimu aligeuza shingo akamtazama jirani yake.

"Mia nne kumi na nane!" alisema kwa mshangao. "Ndugu yangu, nywele zimeota! Si tulilala mbavu kwa mbavu?"

Dereva akaanza kulia, bado amechuchumaa.

"Miguu inajiendea yenyewe, afande. Siku ya kwanza nilichelewa kuchuchumaa, nikapigwa. Mheshimiwa alisema nikikataa atatafuta dereva mwingine. Mke wangu nilimwambia niko safari."

Filimbi ya pili ikalia. Inspekta alimwinua, akamgeuza kiganja. Kovu la jeki lilikata dole gumba mshazari, vilevile kama kwenye daftari.

"Tawi hukulikalia, mheshimiwa. Alilikalia mwenzako."

Hakimu aliweka kikombe mezani. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Nilifika mpaka hapo langoni. Nikasikia harufu. Nimefunga watu miaka kumi na moja, Inspekta. Niliogopa nikitoka humo sitaweza tena kuandika 'miaka kumi'. Niliposikia wanakuja kulinganisha madole…"

"Ungeweza," alisema Inspekta. Alikuwa amechoka hata kumkaripia. "Ungeandika kwa shida. Ndicho walichokitaka waliotunga sheria. Na huyu Mwalimu ulikuwa unamwacha aozee humu kwa karatasi yako?"



Ijumaa rufaa arobaini zilipelekwa mahakama kuu pamoja na taarifa ya Inspekta. Saa nne kasoro dakika tatu Mwalimu alitoka langoni na mfuko wake wa nguo. Binti yake alimkumbatia. Inspekta alikuwa anafungua mlango wa gari lake filimbi ilipolia ndani ya ukuta.

Mwalimu alichuchumaa palepale barabarani, macho chini.

"Baba, inuka. Wewe huhesabiwi tena."

"Najua, mwanangu," alisema, lakini hakuinuka.

Binti alitazama lango, akamtazama baba yake. Akakusanya gauni lake, akachuchumaa pembeni yake, wakasubiri pamoja filimbi ya pili.