Maiki ya Dada wa Utange

Haya yalitokea hapa Timbwani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilikuwapo, kwa hivyo asije mtu akasema natia chumvi.

Jumatano ile mimi na jirani yangu Mwanatabu tulikwenda kununua maiki isiyo na waya. Bintiye Swabra alikuwa anaolewa Ijumaa na Abubakar, ambaye binti alimngoja miaka miwili arudi kutoka Qatar. Wanawake wangekuja kumwimbia nyumbani. Muuzaji, Kalama, akatupa tatu tuzijaribu. Ya kwanza ina taa za rangi, lakini sauti kama mtu kafunikwa sufuria. Ya pili ukienda nayo hatua kumi yakatika. Ya tatu ya mtumba. Mwanatabu kuimba neno moja tu, wapita njia wakasimama. Na Mwanatabu namjua mimi, sauti yake ni ya bata.

"Ilikuwa ya dada mmoja wa Utange," Kalama akasema. "Akiimba harusi za wenziwe. Yake hakuiona, akafa. Mama, hicho kisponji cha kichwani kibadilishe."

"Nikibadilishe utamu uondoke? Funga, twende."

Mimi nilikinusa. Kilikuwa kibichi, kina uvuguvugu, chanuka kinywa cha mtu aliyelala njaa.

Alhamisi alasiri sebule ikajaa. Maiki ikazunguka mdomo kwa mdomo, na kila aliyeimba alijifuta kwa leso, maana kisponji kilianza kutoa ute. Mzito, kama wa bamia. Nilipopewa, nikakataa.

"Bibi, waogopa mate yetu?" wakaniuliza.

"Yenu siogopi. Nyinyi nawajua."

Wakacheka. Swabra akaimba wa mwisho, na wallahi aliimba. Kisha akakohoa. Akaingiza vidole kinywani, akashika unywele. Akauvuta. Ukatoka, ukatoka, mrefu kuliko mkono wangu, umeganda makohozi. Jirani yetu Pascalia alitapika palepale mkekani.

Tangu hapo Swabra hakusema tena. Kinywa chafunguka, sauti hamna.

Mwanatabu akaitupa maiki kabatini mwa chumba cha Swabra, akatuapisha tunyamaze. Wakwe wakisikia, harusi haipo.

Ijumaa baada ya swala, Faki, babake Swabra, akaja na mashahidi wawili kumwuliza ridhaa. Wakasimama nyuma ya pazia la chumbani. Mimi nilikuwa ndani, namfuta mwari machozi. Kila mtu wa hapa ajua kwamba mwari akinyamaza, ameridhia. Ingekwisha hapo. Lakini Faki aliogopa wakwe waje waseme binti kalazimishwa.

"Swabra, mwanangu, umeridhia kuolewa na Abubakar?"

Kimya.

Nikatoa kichwa paziani, nikamnong'oneza. "Faki, kimya chatosha. Nenda."

"Nataka nisikie."

Akauliza tena. Swabra akatikisa kichwa kukubali, machozi yamtiririka. Nani wa kumwona?

Akauliza mara ya tatu.

"Nimeridhia."

Sauti tamu. Ya kike.

Nilikuwa nimemshika Swabra kidevu. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Ilitoka kabatini.

"Tumesikia," mashahidi wakasema. Wakaondoka. Nje vigelegele vikapasuka.

Nikafungua kabati. Maiki ilikuwa imezimwa. Kisponji kimekauka, kikavu kama mkate wa juzi. Hata harufu hakina.

Jioni sauti ya Swabra ikarudi, imekwaruza. Neno lake la kwanza aliniuliza mimi.

"Bibi, ni nani aliyejibu?"

Sasa ni mwezi wa tatu tangu harusi, na bado wanakaa kwa Mwanatabu. Abubakar mume mwema, hajui kitu. Mwenzangu, Swabra huja kwangu kila asubuhi kufua shuka, mamake asione. Kitandani mwao mna mito miwili. Katikati yake, kila alfajiri, hukuta pamebonyea kama palipolazwa kichwa, pamelowa mate, na mate yenyewe bado yana joto. Jana alinikunjulia shuka kabla hajaitia majini. Palikuwa na alama ya mdomo, wazi, meno yote yahesabika. Ulikuwa umeelekea upande wa Abubakar.